Jumanne Baada ya Pentekoste

Kwako yaya, dada uliye upande wa pili wa maji,

Nakuandikia kutoka kwenye benchi la kliniki. Kazi imekwisha, wagonjwa wameondoka, na miguu yangu inakataa kunyanyuka. Mama mmoja anayevuka kila juma kuja kununua samaki amesema safari hii atapita Pweto, na kwamba alisikia uko huko sokoni na meza ya vitenge. Sina hakika kama ni wewe. Lakini nimechoka kungoja hakika, kwa hiyo nampa yeye barua hii.

Utaona Kiswahili changu kimenyooshwa kidogo. Sista mmoja wa misheni alinipa vitabu nikasoma. Mdomoni bado nasema kile cha kwenu, ulichonifundisha pale ufukoni huku ukinicheka.

Leo muuguzi ameniita mpaka koo limekauka. Kila anapofika mama ambaye mtoto wake hana kadi, anaitwa Bana Chola, yaani mimi, niulize mtoto alizaliwa lini. Mama wa huku ananiambia mwezi wa baridi, mwaka sabuni ilipopotea madukani. Mwingine, wa kwenu, ananiambia wiki ya Watakatifu Wote, baada ya serikali yao kukataza majina ya ubatizo. Nageuza kichwani, nampa muuguzi tarehe ya ofisi, anaandika kwenye kadi. Ananisifu kwamba nafanya upesi. Simwambii nilijifunza na nani, wala tulikuwa tunatafuta tarehe za nini. Mimi na wewe hatukuwa tunaandika waliozaliwa.

Nilipokujua ulikuwa na Monga mgongoni na beseni la chumvi kichwani. Ulikaa kwenye kambi ya wafanyabiashara wa Zaire, vibanda vile vya nyasi kupita mahali mitumbwi inapofikia. Mimi nilikuwa nakausha samaki kwa moshi, na wewe ulikuwa mnunuzi mgumu kuliko wote. Ulikuwa unamgeuza samaki, unamnusa, unamrudisha, unaondoka, halafu unarudi. Nilikuita yaya kwa sababu neno hilo ni moja kwenu na kwetu, dada mkubwa, na hakuna kati yetu aliyelazimika kujifunza kwanza. Wewe ukaniita mudogo. Kuanzia hapo hukuwa unarudisha samaki wangu tena, ila ulikuwa unalalamika kwamba sisi Wazambia tunapika bila pilipili kama wagonjwa.

Watoto wetu walicheza kwenye mkeka mmoja. Chola wangu alikuwa amemzidi Monga kidogo tu, na alikuwa anamnyang'anya kila kitu. Monga hakuwa analia. Alikuwa anakaa akimtazama mwenzake kwa mshangao, kama mtu mzima anayeibiwa na mtu anayemfahamu. Tulicheka sana kwa ajili ya uso ule. Bado nauona.

Kisha ikaja surua, wakati wa baridi, upepo ukitoka ziwani na watoto wamefungiwa ndani pamoja. Chola aliugua akapona. Monga aliugua akafa. Ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kuvuka na maiti, kwa hiyo tulimzika upande huu, kwenye kilima nyuma ya kanisa. Wewe hukulia pale kaburini. Ulilia siku nyingi baadaye, mbele ya jiko langu, ukiwa unapuliza moto, na mimi mwanzoni nilidhani ni moshi.

Baridi ilikuwa imekwisha alipofika bwana Chanda, ba Chanda kwa lugha yetu, kutoka Mansa. Unakumbuka alivyokuwa anakohoa vumbi la barabara, kijana mpole aliyeinama kidogo akiongea hata na watoto. Alikuwa mtu wa afya. Alitaka kujua surua ilianzia wapi na ilipita njia gani, ili mwaka mwingine sindano za kinga zipelekwe kwanza mahali panapofaa. Alikuwa na karatasi ndefu ambayo alichora ufuko wote, Kisiwa cha Chisenga chini, halafu Nchelenge, halafu Mununga, mpaka Chienge juu. Alitaka kila mtoto aliyekufa awekwe mahali pake na siku yake, siku zikienda kutoka kushoto hadi kulia.

Alinichukua mimi kwa ajili ya mama wa Kibemba. Kwa ajili ya kambi zenu alihitaji mtu wa Kiswahili ambaye akina mama hawatamficha. Watu wote walikutaja wewe. Niliona aibu kuja kukuuliza, Monga akiwa bado hajafanyiwa hata misa ya kumbukumbu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema mama aliyefiwa ni afadhali aulizwe na aliyefiwa. Ukavaa viatu tukaondoka.

Kazi ile ilinizeesha, yaya. Tulipanda boti ya injini kwenda Chisenga tukalowa, tulipanda lori la samaki kwenda Mununga tukanuka. Kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na mama anayetutazama mikononi kama tumeleta kitu. Siku za mwanzo nilikuwa nauliza kama nilivyoelekezwa, mtoto alikufa tarehe gani, na mama alikuwa ananyamaza au anasema hajui. Wewe ulinivuta nje ukaniambia kwa sauti ndogo, "Usiulizake siku. Uliza balipika nini."

Basi tukawa tunauliza walipika nini. Muhogo ulikuwa umelowekwa au umekauka? Mbalamwezi ilikuwepo? Nyasi asubuhi zilikuwa na umande? Nani alikuwa amesafiri, nani alikuwa amerudi? Mama alikuwa anaanza na chungu, anapita kwa jirani aliyeleta kuni, na mwishowe anafika mwenyewe kwa mtoto, na alipofika tulikuwa tumeshajua mwezi. Ulikuwa unavua viatu kabla ya kuingia na unavivaa tena barabarani. Mimi nikawa navua pia, bila kukuuliza sababu.

Pale Mununga ndipo mambo yalipotuharibikia. Sisi kwa Kibemba tuna mwezi wa Kapepo kanono, baridi ndogo, na unaofuata ni Kapepo kakalamba, baridi kubwa. Mawifi wawili wa nyumba moja walikuwa wamefiwa juma moja, na mmoja alisema baridi ndogo, mwingine akasema baridi kubwa. Walishindana mpaka mmoja akaanza kulia. Tulifikiri mmoja amechanganyikiwa kwa majonzi. Kumbe mmoja alikuwa ameolewa kutoka Nchelenge na anahesabu kama kwetu.

Mzee wa nyumba ile ndiye aliyetueleza bila haraka. Mwezi wa mbinguni ni mfupi kuliko mwezi wa ofisi. Ukiuacha uende wenyewe, baada ya miaka michache baridi inakuja wakati jina la baridi limeshapita. Kwa hiyo watu wanasimama, wanalitumia jina moja mara mbili, mpaka majira yawafikie. Lakini hakuna anayepiga kengele kwamba sasa tusimame wote. Nchelenge walikuwa wamesimama mwaka ule. Mununga hawakuwa wamesimama. Jina moja, miezi miwili tofauti.

Ba Chanda alipolisikia hili aliweka kalamu chini. Kila kitu tulichokuwa tumeandika tangu mwanzo kilikuwa kimetikisika. Hakugomba. Alisema basi, mahali siku haijulikani hatutaweka nukta, tutachora mstari, kuanzia siku ya mapema kabisa inayowezekana hadi ya mwisho kabisa. Ndivyo karatasi yake ilivyojaa mistari mirefu ya wino, karibu watoto wote wa ufuko, kila mmoja amelala amenyooka kwenye mstari wake.

Watoto wa kambi zenu hawakuwa hivyo. Mama zao walikuwa wanahesabu kwa sikukuu za kanisa, kabla ya Kupaa, baada ya Pentekoste. Sikukuu hizo zinahama kila mwaka, na ba Chanda hilo alilijua. Lakini misheni walikuwa na kalenda ya mwaka ule ukutani, na ukiijua Jumapili ya Pentekoste huna tena cha kubahatisha. Kambi zenu zikawa nukta.

Mtoto wako tulimwacha mwisho. Wewe hukumtaja, mimi sikukuuliza, na ba Chanda, ambaye aliambiwa na watu, hakutusukuma. Lakini ilifika siku karatasi zote zimekwisha na kambi iliyo ufukoni kwetu haijaandikwa, na mtoto wa kwanza kufa katika kambi ile alikuwa Monga. Tulikuwa tumekaa penye vichanja vya samaki, mchana, nzi wengi. Nilikuwa nimeshaona karatasi ile inavyokwenda. Nilijua pia maneno yanayosemwa mjini, kwamba surua ilivuka ziwa na Wazaire, kwamba kambi iondolewe. Nilijua kwamba nukta ya Monga itasimama peke yake mbele, wakati watoto wa kwetu, ambao huenda walikufa kabla yake, wamefichwa ndani ya mistari.

Kwa hiyo nikakuambia tuandike Kapepo kanono tu, kama watu wa huku. Hatungekuwa tumedanganya. Monga kweli alikufa katika mwezi huo. Angepata mstari kama wenzake, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

Ukasema, "Hapana, mudogo. Ilikuwa Jumanne nyuma ya Pentekoste. Mutoto yangu iko na siku yake."

Nilikueleza tena. Nilikuambia kuhusu mkutano wa kijiji ambapo karatasi itaonyeshwa, kuhusu vibanda, kuhusu biashara yako. Ulisubiri nimalize.

"Vibanda vitajengwa tena," ulisema. "Miye nikisahau ile siku, nitabakia na nini?"

Niliandika Jumanne. Wewe ukawa unanisomea herufi kama mwalimu.

Mkutano ulifanyika chini ya paa la shule, akina baba kwenye madawati, sisi tumesimama ukutani. Ba Chanda alitundika karatasi yake na akaieleza vizuri, kwa Kibemba chepesi. Alisema nukta na mstari havilinganishwi. Alisema nukta ni mtoto ambaye siku yake tunaijua, basi, haina maana kwamba alitangulia. Alisema karatasi hii haiwezi kuonyesha ugonjwa ulianzia wapi. Walimsikiliza kwa heshima. Halafu baba mmoja aliyekuwa amezika watoto wawili alisimama, akaenda mpaka kwenye karatasi, akaweka kidole juu ya nukta ya kwanza, akauliza ni ya nani.

Wewe ulisema kwa Kibemba chako kilichopinda kwamba ni ya kwako.

Simlaumu baba yule. Mistari ya watoto wake ilikuwa pale juu, mirefu, haisemi kitu, na nukta ilikuwa inasema.

Ndipo mimi nikasimama mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikasema Chola wangu aliugua kabla ya Monga. Walilala mkeka mmoja. Kama ni kuletwa, basi huenda sisi ndio tuliowapelekea watu wa kambi. Mwenye kijiji alikuwa mtu wa haki, hakunikemea. Aliniuliza taratibu, kwa heshima, "Chola aliugua siku gani, mukwai?"

Na mimi, yaya, mimi niliyezunguka ufuko wote nikiwatafutia watu siku zao, sikuwa na siku. Nilijua alikuwa na joto, nilijua macho yake yalikuwa mekundu, nilijua ulimletea maji ya mchele. Lakini aliamka asubuhi moja akaomba chakula, na mimi kwa furaha nikaacha siku zote zile ziende. Mtoto aliyepona haachi siku. Nilisema ilikuwa Kapepo kanono. Baba mmoja nyuma alisema hata Monga ni Kapepo kanono, na mtoto wako si yuko hai, hayumo kwenye karatasi. Nikarudi ukutani. Ulinishika mkono lakini hukunitazama.

Walisema kambi iondoke kabla mwezi haujaisha. Hakuna aliyewapiga, hakuna aliyechoma kitu, hilo lazima niliseme. Walisimama tu barabarani wakitazama mkifungua kamba. Ulichukua nguzo zako zote, hata zile zilizooza, na nilikusaidia kuzibeba hadi majini kwa sababu sikujua nifanye kitu gani kingine. Mtumbwi ulikuwa umejaa. Ulipanda ukakaa ukitazama mbele, kule kwenu, na nilidhani utaondoka hivyo bila neno. Halafu uligeuka.

"Utamuangaliaka," ulisema.

Nikasema ndiyo.

Ba Chanda alipita tena majira yaliyofuata, na masanduku ya sindano. Aliwachoma watoto sindano kuanzia Chienge mpaka chini, pande zote kwa pamoja. Alisema hawezi kungoja karatasi imwambie pa kuanzia. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari zako, nikamwambia sina. Alisema kama ingekuwa juu yake peke yake angewachora watoto wote kuwa mistari, hata wale aliowajua siku zao. Kisha akatikisa kichwa akasema hapana, asingefanya hivyo. Sijui alimaliza vipi mawazo yale. Alikunywa maji akaondoka.

Kambi ilirudi, yaya. Nadhani umesikia. Samaki wanataka wanunuzi, na kiangazi kilichofuata vibanda vilikuwa vimesimama tena pale pale, na wale waliosema muondoke ndio waliowauzia nyasi. Nilikuwa nashuka kila boti ilipofika kutazama kama umo. Baadaye nikaacha. Baba yule aliyeweka kidole sasa anauza samaki wake kwa mama mmoja wa Zaire tu, hataki mwingine. Huwa tunasalimiana. Hatujawahi kuzungumzia ile siku na sidhani kama tutaizungumzia.

Chola amekuwa mrefu, anasoma. Hamkumbuki Monga. Nilijaribu kumwambia juu ya mkeka na ule uso, akacheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka hadithi ya watu asiowajua. Sikurudia.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute karatasi leo. Ulisema nimwangalie, na namwangalia. Napalia, nimeweka mawe pembeni, mbuzi hawapiti. Lakini siku ya kwenda kukaa naye, kumwashia mshumaa, ndiyo inayonishinda. Wewe ulisema Jumanne baada ya Pentekoste, na hiyo inahama, mwaka mmoja inakuja mapema na mwaka mwingine inakuja nimeshaichoka baridi. Tarehe ya ofisi niliyoiandika kwa mkono wangu haihami, ila inapofika mara nyingine ni siku ambayo haifanani na chochote, jua linawaka, watu wanaenda sokoni. Na mwezi wa mbinguni nao una siku yake. Ulikuwa mwezi mchanga, bado haujajaa, uliponing'inia juu ya ziwa tukirudi kutoka kilimani. Huo ndio ninaouona nikifumba macho, na huo haukubaliani na kanisa wala na ofisi.

Kwa hiyo naenda mara tatu. Kila mwaka, wakati wa baridi, napanda kilima kile mara tatu, kwa sababu naogopa kwamba moja kati ya hizo ndiyo yenyewe na nisipokwenda atakuwa peke yake. Mume wangu anasema nimezidi. Sista anasema Mungu anajua siku. Najua Mungu anajua. Lakini si yeye anayepanda.

Magoti yangu yameharibika, yaya. Nimechoka, na si kwa kilima peke yake. Wewe ndiye mama yake. Mwambie huyu mama anayeleta barua, asishike karatasi, ashike kichwani tu aje aniambie ni siku gani moja. Utakayoichagua ndiyo nitakayoishika, na nikiwa siwezi tena nitamwachia Chola, nimwambie hii ndiyo siku ya mwenzako, usiihamishe.

Na kama unaweza kuja wewe mwenyewe, njoo siku yoyote.

Nakuaga hapa, kwa sababu wanataka kufunga mlango wa kliniki.

Mudogo wako wa upande huu,
Bana Chola